Maswali ya Wasomaji: Dawa za Akili Mkononi mwa Asiyesoma

Tuliwaomba mtuandikie kuhusu kuishi na ugonjwa mkali wa akili, yaani skizofrenia, baipola au sonona kali, pale ambapo kusoma na kuandika ni shida. Barua kadhaa ziliandikwa na watoto kwa niaba ya wazazi, na nyingine zilitufikia kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu. Tumechagua saba. Majina tumeyaacha.

Kaka yangu ana skizofrenia. Kila tukienda kliniki anaulizwa, "Unameza dawa?" naye hujibu ndiyo. Nikihesabu vidonge nyumbani hesabu haikai: wiki moja vimebaki vingi, wiki nyingine vimeisha kabla ya siku. Kwenye faili wameandika kwamba ni mkaidi. Shule aliiacha alipoanza kuugua. Nitajuaje kama ni ukaidi au ni kutosoma? – Dada wa mgonjwa

Dada, hesabu yako yenyewe inasema mengi. Anayegoma dawa huziacha, na vidonge hubaki vingi wiki baada ya wiki. Hesabu inayopanda na kushuka mara nyingi ni ya mtu anayekisia. Anaweza pia kuwa anasahau, na mara nyingi yote mawili huenda pamoja, kwa sababu skizofrenia hushambulia umakini na uwezo wa kushika jambo akilini kwa muda mfupi. Tena kwa wengi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini na kitu, wakati wenzao wako masomoni. Wako pia waliokuwa wamekwisha kunyimwa shule tangu utotoni, na ugonjwa ukawakuta hapo.

Mtu asiyesoma ana njia zake za kujificha, na amezizoea kwa miaka. Atasema miwani ameisahau. Atasema karatasi ataisoma nyumbani, kisha ataikunja bila kuitupia jicho. Ukimuuliza dawa gani anameza, atafungua pakiti akuoneshe kidonge badala ya kusoma jina lililoandikwa juu yake. Ukiona hayo, usimpe gazeti asome kama mtihani. Mkiwa wawili tu, mwambie: "Maandishi ya dawa huwasumbua wengi. Wewe ungependa uelezwe vipi, kwa maneno, kwa kuoneshwa au kwa maandishi?" Swali la namna hiyo humwachia njia ya kujibu bila kuvuliwa heshima.

Halafu tazama pakiti zenyewe. Alama ya "1 x 3" wengine huielewa kuwa vidonge vitatu kwa mpigo. Nusu iliyoandikwa kwa tarakimu, ½, husomwa kuwa moja au mbili. Pakiti iliyoandikwa 8:00 kwa saa za kizungu, ndugu anayejua tarakimu tu atamwambia mgonjwa ameze saa nane, kumbe ilikusudiwa saa mbili. Na kujua kuyatamka maneno hakutoshi. Katika utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2006, watu wenye kisomo kidogo walisomeshwa lebo inayosema wameze vidonge viwili mara mbili kwa siku. Zaidi ya theluthi mbili waliisoma sawasawa. Walipoombwa waoneshe idadi ya vidonge vya siku nzima, karibu theluthi moja tu ndio waliotoa vinne.

Kwa hiyo jaribu hili leo. Mpe kaka yako pakiti zote, umwambie, "Nioneshe unachomeza asubuhi, kisha unachomeza usiku." Usimuulize kama ameelewa, maana jibu la swali hilo ni ndiyo siku zote. Akikosea, sema, "Nimeeleza vibaya, ngoja nirudie," umwoneshe upya, kisha aoneshe tena. Rudieni mpaka apatie bila msaada, na kesho yake mrudie.

Mpangilio wa dawa uwe mmoja na usibadilike. Kisanduku chenye vyumba vya siku 7 husaidia sana, ila wasioijua A wala B hawazijui pia herufi za siku zilizochapwa juu yake. Pakeni rangi, au wekeni alama ya kugusa, mfano uzi kwenye chumba cha kwanza. Muulizeni mfamasia kwanza ni vidonge gani visitolewe kwenye karatasi yake: vya valproeti, dawa ya baipola na kifafa, kwa mfano, hunyonya unyevu vikaharibika. Picha ya jua na mwezi kwenye pakiti husaidia, mradi mmekubaliana kwa mdomo maana yake. Tumeona jua likieleweka kuwa "anika juani".

Jambo ambalo kliniki nyingi hazilifikirii ni rangi. Asiyesoma huijua dawa kwa sura yake. Duka la dawa likileta ya kiwanda kingine, kidonge cheupe kinakuwa cha manjano. Mwenye shaka kwamba watu wanataka kumdhuru ataamini amewekewa sumu, na mwingine atameza cha zamani na kipya pamoja. Kila mnapopokea dawa, fungueni pakiti palepale dirishani, mlinganishe na kidonge kimoja cha zamani, na mfamasia amweleze yeye mwenyewe kilichobadilika.

Mwisho, dada, neno "mkaidi" liondolewe kwenye faili. Mwombe muuguzi aandike: "Hasomi. Aelezwe kwa mdomo na aoneshe." Tunasisitiza kwa sababu neno hilo lina madhara. Daktari mwingine akiliona, au akidhani dawa imemezwa na haikufanya kazi, ataongeza dozi au atamwongezea dawa ya pili. Siku kaka yako atakapoanza kumeza sawasawa, dozi hiyo kubwa itamkaza misuli, itamtetemesha mikono na kumlaza mchana kutwa. Na kama vidonge vya kila siku vitaendelea kumshinda, ulizeni kuhusu sindano ya dawa inayokaa mwilini muda mrefu, ambayo hutolewa kila wiki 2 hadi 4 kwa aina nyingi. Aielezwe kama chaguo lake, asiichukue kuwa adhabu.

Barua hii ameniandikia binti yangu. Nina baipola na nimeanzishiwa lithiamu. Nimepewa kijitabu cha kurasa nyingi, na mimi sijui kusoma. Mengine sipendi mtoto ayasome. Ni yapi nisiyopaswa kuyasahau? – Baba wa watatu

Baba, lithiamu ni dawa nzuri sana kwa ugonjwa wako, lakini nafasi kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru ni nyembamba. Kwa wengi, kipimo cha damu hutakiwa kiwe kati ya 0.6 na 1.0. Kikipita 1.5 sumu huanza kuonekana, na kwa wazee hata chini ya hapo. Yaweke mambo matano kwenye vidole vya mkono wako.

Kidole gumba ni dozi: saa ileile kila siku. Ukisahau, usimeze mbili kufidia, na usiiache ghafla hata ukijiona umepona.

Kidole cha shahada ni maji na chumvi. Mwili ukikauka, au ukiacha chumvi ghafla, figo huishikilia lithiamu na kiwango hupanda kwenye damu. Kwa hiyo jasho jingi, homa, kutapika na kuharisha kwako si mambo madogo. Ukitapika au ukiharisha, wasiliana na kliniki siku hiyohiyo kabla ya kumeza dozi inayofuata.

Kidole cha kati ni dawa za maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki hupandisha lithiamu. Dukani usiseme tu "nipe ya maumivu". Sema kwanza, "Natumia lithiamu." Parasetamoli haina shida hiyo. Daktari yeyote akitaka kukupa dawa ya presha, aambiwe pia, kwani baadhi zina athari hiyohiyo.

Kidole cha pete ni kipimo. Damu hutolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Ukimeza saa tatu usiku, upimwe saa tatu asubuhi, na dozi ya asubuhi, kama unayo, uimeze baada ya kutolewa damu. Ukiimeza kabla, kipimo kitadanganya na unaweza kupunguziwa dawa bure. Kwa kawaida hupimwa kila miezi 3 katika mwaka wa kwanza, na figo pamoja na tezi ya shingo kila miezi 6.

Kidole cha mwisho ni hatari. Mtetemo mdogo wa vidole ni kawaida. Mkono ukitetemeka hadi maji yamwagike kikombeni, ukayumba kama mlevi, ulimi ukawa mzito au ukachanganyikiwa, usimeze tena. Nenda hospitali saa hiyohiyo, uende na pakiti.

Kuhusu binti yako, umefikiri vyema. Mtoto asiwe msomaji wa siri za mzazi, na mzigo huo haumfai hata yeye. Mwombe muuguzi ayarekodi maelezo kwenye simu yako kwa sauti yake. Kila rekodi iwe ya dakika 1 au 2, jambo moja tu, ianze kwa jina la dawa na tarehe. Rekodi ndefu ya dakika 15 hairudiwi na mtu. Dozi ikibadilika, ya zamani ifutwe hapohapo, maana rekodi mbili zinazopingana ni hatari kuliko kukosa rekodi.

Mke wangu anatumia klozapini. Alikosa dawa siku tatu, tukampa kama kawaida, akaanguka. Kumbe kwenye karatasi kulikuwa na onyo. – Mume

Pole sana kwake na kwako. Klozapini, dawa ya skizofrenia, ikikosekana zaidi ya saa 48, mwili huisahau. Dozi ya kawaida ikirudishwa kwa mpigo, presha huweza kushuka ghafla na hata degedege kutokea. Huanzwa upya na daktari, kwa kawaida kwa miligramu 12.5, kisha hupandishwa taratibu. Onyo zito kama hili halikupaswa kuachiwa karatasi.

Mengine mawili ya kushika kichwani: homa au koo kuuma ni safari ya hospitali siku hiyohiyo kupima damu, kwa sababu dawa hii kwa wachache huangusha chembe nyeupe zinazopigana na maambukizi. Na kukosa choo kwa siku kadhaa si jambo la kuvumilia. Tumbo linaweza kuziba kabisa, na watu wamekufa kwa hilo. Wahudumu wengi huona haya kuuliza kuhusu choo, na mgonjwa huona haya kusema. Muulize wewe.

Mimi ni mhudumu wa afya. Nikitumia vipimo vya karatasi kwa wagonjwa wasiosoma, nashindwa kujua kama napima ugonjwa au napima shule. – Mhudumu

Mara nyingine unapima shule, na ni vizuri umelishtukia. Chukua MMSE, kipimo cha kumbukumbu na uwezo wa akili cha mwaka 1975, chenye alama 30. Kusoma amri na kuitii ni alama 1, kuandika sentensi 1, kunakili mchoro 1, na kutoa saba saba kuanzia mia moja ni alama 5. Mtu mwenye akili timamu ambaye hajawahi kushika penseli anaweza kupoteza zote 8 akabaki na 22, chini ya mstari wa 24 unaotumiwa na wengi. Hapo ataandikiwa kwamba akili inapungua. RUDAS, kipimo kingine cha aina hiyo kilichotengenezwa Australia na kuchapishwa mwaka 2004, kiliundwa kwa kujali watu wa lugha na visomo tofauti, hivyo elimu hukiyumbisha kwa kiasi kidogo tu. Kama huna nyingine, muulize mgonjwa ataje siku za wiki kinyumenyume, kisha muulize ndugu kuhusu mambo ya kila siku: bado anahesabu chenji? Bado anajua njia ya kurudi?

Angalia pia kipimo cha methali. Wako wanaomwomba mgonjwa afafanue methali, na akiijibu kwa maana ya juujuu huandikwa kwamba fikra zake zimevurugika. Kujibu kwa mambo ya kushikika ni tabia ya kawaida ya mtu ambaye hakupita darasani. Mwanasaikolojia wa Kisovieti Alexander Luria alilishuhudia hilo Uzbekistani mwaka 1931 na 1932: wakulima wasiosoma waligoma kutoa jibu la fumbo la mantiki kuhusu mahali wasipowahi kufika, wakisema wanazungumzia walichokiona. Hawakuwa wagonjwa.

Kwa sonona, dodoso la PHQ-9 lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Ligawe kila swali hatua mbili. Kwanza: "Limekupata au halijakupata?" Likiwa limempata, weka vijiwe 14 mezani, kila kimoja siku moja, atenge siku zilizokuwa na tatizo. Maneno "zaidi ya nusu ya siku" huwapoteza hata waliosoma, vijiwe haviwapotezi. Swali la 9, la kutamani kufa au kujidhuru, uliza mkiwa wawili, wala usimtumie ndugu kama mkalimani. Akisema ndiyo, acha hesabu ya alama, umsikilize na upange usalama wake siku hiyo, pamoja na kumpa dawa za wiki moja badala ya mwezi mzima.

Na unapoandika mbele ya mtu anayeamini anafanyiwa njama, ujue anaona mkono unakwenda kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Mwambie unachoandika, kisha umsomee. Inachukua dakika moja.

Nilipolazwa nilishikwa kidole kikawekwa kwenye wino. Hadi leo sijui nilikubali nini. – Msomaji wa kike

Dada, alama ya kidole inathibitisha kwamba kidole chako kiligusa karatasi. Haithibitishi kwamba ulielewa. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 13 Desemba 2006, unawahusu pia watu wenye ugonjwa wa akili wa muda mrefu. Unataka habari zitolewe kwa njia ambayo mhusika anaweza kuipokea, na matibabu yatolewe kwa ridhaa yake huru baada ya kuelezwa. Sheria za kulaza mtu bila ridhaa hutofautiana nchi na nchi, lakini kuelezwa unafanyiwa nini ni haki yako hata hapo.

Rudi hospitali na mtu unayemwamini, mwombe msimamizi wa wodi akusomee karatasi hiyo polepole, na uombe nakala. Uliza nilitibiwa nini, kwa sababu gani, hatari yake ilikuwa ipi, kulikuwa na njia nyingine, na nini kingetokea kama ningekataa. Siku nyingine ukiletewa wino kabla ya maelezo, sema: "Nisomee kwanza, kisha nikueleze nilichosikia." Shahidi asiwe mfanyakazi yule anayetaka saini. Kama wewe ni wa umri wa kuzaa na umepewa valproeti, hilo lazima ulisikie kwa masikio yako: katika kila watoto 100 waliokuwa tumboni mama akiitumia, takriban 10 huzaliwa na kasoro za mwili, na 30 hadi 40 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Usiiache ghafla mwenyewe. Nenda mkazungumze kuhusu uzazi wa mpango au dawa nyingine.

Nilikuwa nasoma vizuri. Tangu nianze dawa, herufi zinacheza na sikumbuki mstari wa juu. Nimekuwa mjinga? – Kijana

Hapana. Dawa kama Artane, inayotolewa kupunguza kukakamaa kwa misuli, hufanya macho yashindwe kulenga vitu vya karibu, na huzidisha usahaulifu. Mwambie daktari, kwani huenda dozi ikapunguzwa au usiihitaji tena. Usiiache peke yako. Pima macho pia. Kwa sasa soma maandishi makubwa, ufunike mistari ya chini kwa karatasi nyeupe, dakika 10 kisha upumzike. Ugonjwa wenyewe hupunguza kasi ya kusoma, hivyo ukikabidhiwa karatasi kliniki, sema wazi kwamba unahitaji kuelezwa. Wakiona umesoma sekondari hawatakuuliza.

Mama ana miaka 50 na ana sonona ya muda mrefu. Anataka kuingia darasa la watu wazima. Daktari mmoja alicheka. Tumwache? – Mwana

Mpelekeni. Katika jaribio moja lililochapishwa Marekani mwaka 2006, watu 70 wenye sonona na kisomo kidogo waligawanywa: wote waliendelea na matibabu, na kundi moja likaongezewa masomo ya kusoma. Kundi hilo ndilo lililopungukiwa zaidi na dalili. Jaribio ni dogo, na lilihusu sonona, si skizofrenia. Ila hakuna sababu ya kitabibu ya kumzuia.

Panga darasa kulingana na dawa: kama za usiku humlemea hadi asubuhi, achukue kipindi cha alasiri. Dakika 20 hadi 30 zinatosha mwanzoni. Maneno ya kwanza yawe anayoyahitaji: jina lake, jina la dawa yake, "asubuhi", "usiku", tarehe ya kliniki. Mwalimu si lazima ajue ugonjwa, lakini aambiwe kwamba mama anaweza kukosa wiki kadhaa, nafasi yake isipewe mwingine. Akirudi baada ya kuugua, aanzie masomo mawili nyuma ya alipoachia, si mwanzo wa kitabu. Kurudishwa kwenye a, e, i, o, u mbele ya wenzake ndiko kunakowafanya wengi wasirudi tena.